Madaraja Mawili ya Conqueror

Tarehe 7 Septemba 1945, majeshi manne yaliyoishinda Ujerumani yalifanya gwaride la pamoja mjini Berlin, katika barabara pana ya Charlottenburger Chaussee. Katika gwaride hilo Wasovieti walipitisha vifaru 52 vya aina ambayo maofisa wa Magharibi hawajapata kuiona, IS-3. Uso wake ulichongoka kama omo ya jahazi, tureti yake ilikuwa bapa na ya mviringo mithili ya bakuli lililofudikizwa, na mbele yake ulitokeza mzinga wa milimita 122. Maofisa wale hawakukipanda, hawakukiendesha, hawakusikia mafundi wake wakilalamika. Walikitazama kikipita, wakakadiria unene wa chuma kwa macho, wakarudi makwao na hofu. Hawakujua kwamba mishono yake ya kuchomelea ingeanza kupasuka, kwamba kilibeba makombora 28 tu, wala kwamba kila kombora lilipakiwa kwa vipande viwili ndani ya chumba finyu kiasi kwamba mpakiaji hodari alifanikisha mawili au matatu kwa dakika. Wasovieti wenyewe walilazimika kukirudisha viwandani kukirekebisha, kazi iliyoendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Lakini gwaride halionyeshi mishono. Kutokana na gwaride hilo Waingereza walipata msukumo wa kutengeneza Conqueror, Wamarekani M103, na Wafaransa mfululizo wa majaribio ya AMX-50.

Naanza na gwaride kwa sababu humo ndimo ilimo asili ya jambo ninalotaka kulijenga. Kifaru kizito cha baada ya vita kilizaliwa kwa hesabu ya karatasi yenye safu tatu: unene wa chuma, ukubwa wa mzinga, kasi. Kikafa kwa mambo ambayo hayakuwa na safu katika karatasi ile: madaraja, reli, mafuta, vipuri, mishahara ya mafundi na subira ya walipa kodi. Miaka zaidi ya arobaini baada ya kustaafishwa, kikafufuliwa kama gemu, na gemu hilo likairithi karatasi ya kwanza jinsi ilivyo, likayafuta yale mengine yote. Ndiyo sababu Conqueror kinashinda kwenye skrini kesi iliyokishinda duniani. Watu husema gemu linapotosha historia ya vita, na kuna ukweli ndani yake, ila naona jambo la ajabu zaidi: gemu limehifadhi kwa uaminifu mkubwa fikra ya ofisi za wasanifu na makamanda wa mwaka 1945, yaani fikra ile ile iliyowapeleka kombo.

Kiswahili kilipokipa chombo hiki jina la mnyama kiliona mbali. Ngozi nene, macho hafifu, mbio za ghafla, na tabia ya kuelekea mbele hata pale busara ingeshauri kukata kona. Sarufi yetu ikavitenganisha viwili hivyo bila ugomvi: mnyama ni kifaru huyu, chombo ni kifaru hiki. Kifaru mweupe dume aliyekomaa ana tani mbili na kidogo. Conqueror kilikuwa na tani 65, yaani vifaru wa porini karibu thelathini waliorundikwa juu ya mizani moja, na namba hiyo ndiyo ya kuikumbuka kuliko zote zitakazofuata.

Mradi wenyewe ulitangulia gwaride. Mwaka 1944, vita ikiendelea, Waingereza walikuwa wakisanifu vifaru viwili: A41, ambacho baadaye kiliitwa Centurion, kwa ajili ya mashambulizi ya kasi, na A45, kizito zaidi, cha kuwasindikiza askari wa miguu. Baada ya vita A45 kikageuzwa kuwa kile walichokiita kifaru cha kazi zote, namba FV201, chombo kimoja ambacho kingevishwa vifaa vya kufagia mabomu ya ardhini, kutandaza madaraja, hata kuogelea. Ndoto hiyo ilifutwa mwaka 1949, kwa kuwa Centurion kilikuwa tayari kinafanya kazi nyingi miongoni mwa hizo kwa gharama nafuu. Hapo mradi ulipaswa kuzikwa. Badala yake hofu ya IS-3 ikauokoa: kama Centurion hakiwezi kukitoboa kile kifaru cha gwaride kwa mbali, basi mwili huu mzito ulio tayari ubebeshwe mzinga wa milimita 120 uliotokana na usanifu wa Kimarekani. Ikaandikwa FV214, ikaitwa Conqueror, yaani Mshindi. Kwa kuwa tureti na mzinga vilichelewa, miili ya kwanza ilivishwa tureti ya Centurion, ikaitwa Caernarvon, ikatumika kufanyia majaribio. Uzalishaji wa Conqueror ulianza mwaka 1955 na kumalizika 1959, vikitoka vifaru takriban 180. Tangu gwaride hadi kifaru cha kwanza kutoka kiwandani ilikuwa imepita miaka kumi. Stalin alikwisha kufa, na Wasovieti walikuwa na T-10, chombo kingine kabisa.

Si haki kukidharau. Conqueror kilikuwa na wazo moja lililotangulia zama zake. Mkuu wa kifaru alikaa peke yake nyuma ya tureti, ndani ya tureti ndogo yake mwenyewe iliyozunguka bila kutegemea ile kubwa, akiwa na kipimia masafa. Wakati mlengaji akishughulika na adui mmoja, mkuu alitafuta wa pili, akapima umbali wake, kisha akauvuta mzinga umwelekee. Vifaru vya leo hufanya hivyo kwa kamera na kompyuta; Conqueror kilifanya kwa vioo na gia katikati ya miaka ya 1950. Mzinga wake nao ulikuwa wa kuogopwa. Ulirusha mshale wa chuma kizito unaovua gamba lake mara tu utokapo mdomoni mwa mzinga, na pia kombora la baruti laini linalojibandika kwenye chuma kabla ya kulipuka na kumegua vipande upande wa ndani. Mtu akiishia hapa, kama karatasi ya safu tatu inavyoishia, atasema Waingereza walipata walichokitaka.

Lakini chombo huishi na watu wanaokihudumia. Makombora 35 ya Conqueror yalipakiwa kwa vipande viwili, kombora kwanza kisha ganda la shaba lenye baruti, na mpakiaji alikuwa mmoja. M103 cha Wamarekani, chenye mzinga wa jamaa hiyo hiyo, kilipewa wapakiaji wawili. Ganda tupu likishatoka lilikuwa kubwa na la moto, na likiachwa sakafuni lingejaza chumba moshi na kuwazuia watu kusogea, kwa hiyo kikawekwa kifaa cha kulitupa nje kupitia kidirisha cha tureti. Kilijulikana kwa jina la Molins, kampuni iliyokuwa maarufu kwa mashine za kutengeneza sigara, na kilisumbua mno. Injini ilikuwa Meteor ya petroli, nasaba moja na injini ya Merlin iliyorusha ndege za Spitfire, yenye nguvu farasi 810. Gawanya kwa tani 65 upate nguvu farasi kumi na mbili na nusu kwa kila tani. Kasi yake ya juu barabarani ilikuwa kilomita 34 hivi kwa saa, dereva akiwa na bahati.

Sasa tufike kwenye daraja. Conqueror kiliwekwa Ujerumani Magharibi, katika Jeshi la Uingereza la Mto Rhine, ili kingoje mashambulizi ya Wasovieti kutoka mashariki. Nchi hiyo imekatwakatwa na mito na mifereji. Jeshi likitaka kuhamisha kifaru halisomi ramani ya vilima kwanza. Linasoma orodha ya madaraja na uzito unaobebeka. Kifaru cha tani 50 kina njia nyingi za kupita. Ukiongeza tani 15, njia nyingi zinafutika: daraja la kijiji linakataa, behewa la reli linakataa, gari la kuvuta kifaru kilichoharibika linahitaji kuwa la aina yake, na barabara ya lami inabaki na majeraha ambayo manispaa italeta ankara yake. Mpango wa vita ulisema Conqueror, tisa kwa kila rejimenti, vikae nyuma ya Centurion na kupiga kwa mbali juu ya mabega yao. Maana yake ni kwamba kila rejimenti ililazimika kubeba aina mbili za makombora, aina mbili za vipuri na mafundi wa aina mbili, kwa ajili ya vifaru tisa ambavyo havikuweza kufuata njia ya wenzao.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kwenda hadi Ujerumani kulielewa hili. Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yalilipua daraja la Kyaka juu ya Mto Kagera, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania likalazimika kutandaza daraja la muda ndipo livushe zana zake. Vifaru vilivyopigana katika vita hiyo pande zote mbili havikuwa vizito hata kidogo kulinganisha na Conqueror, na bado siku za kwanza za mapigano zilitawaliwa na swali la nani avuke wapi.

Kilichomaliza kazi kilikuwa mzinga mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Waingereza walitengeneza L7 wa milimita 105, uliotoboa chuma kwa kiwango kilichoukaribia kabisa mzinga mkubwa wa Conqueror, na ambao kombora lake lilipakiwa kwa kipande kimoja. Zaidi ya yote, uliingia ndani ya tureti ya Centurion iliyokuwepo. Kuanzia mwaka 1959 Centurion, kifaru cha tani 51 kilichokwisha kutengenezwa kwa maelfu, kikawa na uwezo wa kufanya ile kazi moja iliyokuwa sababu ya Conqueror kuwepo. Wajerumani wakauweka L7 kwenye Leopard, Wamarekani wakatengeneza wa kwao kutokana nao kwa ajili ya M60. Conqueror kikastaafishwa mwaka 1966, bila kupigana hata siku moja.

Upande wa Wasovieti mwenendo ulikuwa huo huo, na ushahidi wake ni mzuri zaidi kwa kuwa wao walikuwa na chombo bora. IS-7 kilichotengenezwa Leningrad na kikosi cha Josef Kotin kilikuwa na tani 68, mzinga wa milimita 130 wenye asili ya mizinga ya manowari, injini ya nguvu farasi 1,050 na kasi ya kilomita karibu 60 kwa saa. Kwenye karatasi hakuna kilichokikaribia duniani mwaka 1948. Februari 1949 serikali ya Moscow iliamuru usanifu wa vifaru vya zaidi ya tani 50 usimamishwe. Amri haikusema IS-7 kina mzinga dhaifu au chuma chembamba. Ilihusu uzito, na nyuma ya uzito kulikuwa na behewa na daraja. T-10 kilichoingia jeshini mwaka 1953 kilibanwa ndani ya mpaka huo wa tani 50. Mwaka 1960 Khrushchev, aliyeamini zaidi makombora ya kuongozwa, akafunga mlango wa usanifu wa vifaru vizito. Na kile IS-3 kilichoanzisha mbio zote? Misri ilikipeleka Sinai mwaka 1967. Injini zilichemka kwa joto la jangwa, wapakiaji wakachelewa na vile vipande vyao viwili, na Waisraeli wenye vifaru vya uzito wa kati wakaviharibu au kuviteka vingi. Ikabainika kwamba hofu ya Berlin ilikuwa imekipa IS-3 sifa ambazo mafundi wake wenyewe hawakuzijua.

Huo ndio mwisho wa sura ya chuma. Sura ya pili inaanzia Minsk, Belarus, makao ya kwanza ya kampuni ya Wargaming iliyoanzishwa mwaka 1998. Gemu lao la World of Tanks lilizinduliwa Urusi Agosti 2010, kisha Ulaya na Amerika ya Kaskazini Aprili 2011. Mpangilio wake ni rahisi: timu mbili, kila moja vifaru kumi na vitano, uwanja wenye upande wa takriban kilomita moja, dakika kumi na tano. Kila kifaru kina akiba ya uhai inayohesabika kwa namba. Kombora likipenya, namba inapungua. Ikifika sifuri kifaru kinaungua. Nguvu ya kila kombora hupandishwa au kushushwa kwa bahati hadi asilimia 25. Hadi mwaka 2025 vifaru vilipangwa katika madaraja kumi, na Conqueror kimewekwa daraja la tisa.

Lugha yetu ina kejeli yake hapo. Neno tunalolitumia kwa cheo ndilo tunalolitumia kwa kile kipitacho juu ya mto. Kifaru kilichonyimwa madaraja ya Ujerumani kimepewa daraja la tisa kwenye kompyuta, na ndani ya viwanja vya gemu yamo madaraja ya mawe na ya chuma ambayo Conqueror hukatiza bila daraja lolote kulalamika. Mafuta hayaishi. Minyororo ikikatika hurekebishwa kwa sekunde. Mpakiaji hachoki, ganda tupu halimchomi mtu, kidirisha cha Molins hakikwami kwa sababu hakipo. Wachezaji wa miaka mingi watakwambia ni kifaru kizuri: mzinga sahihi, upakiaji wa haraka, tureti ngumu ya kujikinga nyuma ya tuta. Daraja moja chini yake kipo IS-3, kwa hiyo kila siku Conqueror na kile kifaru cha gwaride hukutana ana kwa ana, pambano lililotengewa fedha za Waingereza kwa miaka kumi na ambalo halikutokea. Daraja moja juu kipo IS-7, ambacho duniani kilikomea kwenye majaribio, na hapa kinaendeshwa na watu wengi kuliko askari wote waliowahi kupanda T-10.

Angalia kilichobaki na kilichoondolewa. Vimebaki unene wa chuma, ukubwa wa mzinga na kasi. Ni safu zile zile tatu. Gemu limeunda ulimwengu ambamo karatasi ya 1945 ni kweli tupu, ulimwengu ambao uzito ni faida kwa kuwa unaumiza ukigonga, na kamwe si deni. Sidhani wasanifu wa Minsk walikusudia kutoa hoja ya kihistoria. Walitaka ushindani wa dakika kumi na tano unaoeleweka na kijana wa Poznań au Manila. Lakini ushindani wa dakika kumi na tano ndio hasa aliouwazia ofisa aliyesimama Charlottenburger Chaussee: kifaru kwa kifaru, uwanda wazi, anza.

Mantiki hiyo ikifuatwa hadi mwisho huzaa vyombo visivyokuwepo. Msururu wa vifaru vizito vya Uingereza kwenye gemu ulihitaji kilele, cha kumi, na historia haikuwa nacho, kwa kuwa Waingereza walikuwa wameachana na mbio. Wargaming ikachukua mradi wa FV215, ambao kwenye michoro ulikuwa gari la mzinga wa ajabu wa milimita 183, ikauvisha mzinga wa milimita 120 na kuuita kifaru kizito. Hakuna msanifu wa Kiingereza aliyewahi kukichora chombo hicho. Wapenzi wa historia walipiga kelele kwa miaka, na hatimaye kampuni ikakiondoa kwenye msururu na kuweka Super Conqueror. Hiki kilikuwepo kweli. Ila duniani Super Conqueror kilikuwa Conqueror kilichobandikwa chuma cha ziada na kusimamishwa uwanjani kipigwe, ili wanasayansi wapime athari za makombora mapya. Shabaha imepandishwa cheo kuwa bingwa. Sijui kama kuna muhtasari bora wa tofauti kati ya historia na gemu kuliko huo.

Nayajua majibu. La kwanza ni kwamba gemu ni gemu, na anayetafuta elimu ya vita humo ni sawa na anayecheza bao akidhani anajifunza ufugaji. Ningekubali kama gemu lingejiuza kama bao linavyojiuza. Bao halisemi kete zake zilitengenezwa mwaka fulani katika kiwanda fulani. World of Tanks huweka jina halisi, namba halisi ya mradi, maelezo ya kihistoria na picha iliyochorwa kwa vipimo vya makumbusho. Uhalisi wa chuma ni sehemu ya bidhaa. Anayeuza kwa mizani ya historia hana budi kukubali kupimwa kwa mizani hiyo.

La pili lina uzito zaidi: yako magemu makali kuliko hilo. War Thunder la kampuni ya Gaijin, lililoongeza vita vya nchi kavu mwaka 2014, halina akiba ya uhai. Kombora hufuatiliwa njia yake ndani ya kifaru, likimpata mlengaji au rafu ya baruti matokeo huwa tofauti, na pembe ya chuma huhesabiwa kwa makini. Hayo ni maendeleo ya kweli, na mtu hujifunza mengi humo kuhusu kwa nini chuma kilichoinama hushinda kilichosimama. Lakini ni maendeleo ndani ya safu zile zile. Daraja bado halihesabiwi, wala behewa, wala foleni ya vipuri. Tena kadiri hesabu inavyonoa ncha ndivyo imani katika hesabu inavyozidi: mwaka 2021 mchezaji mmoja alichapisha hadharani kurasa za mwongozo wa kijeshi wa kifaru cha Challenger 2, zilizokuwa siri, kusudi tu athibitishe kwamba kifaru hicho kimekosewa vipimo kwenye gemu. Mtu aliye tayari kuvunja sheria ya siri za taifa kwa ajili ya milimita chache ni mrithi halali wa maofisa wa 1945.

Wengine hunikumbusha fadhila, na hapa nakubali bila kinyongo. Kampuni hizi zimepeleka fedha na watu kwenye makumbusho. Kile kituo cha elimu cha Makumbusho ya Vifaru ya Bovington, kusini mwa Uingereza, kilifadhiliwa na Wargaming. Watafiti wamefukua michoro iliyolala kwenye hifadhi kwa nusu karne kwa sababu gemu lilihitaji kifaru kipya. Pasipo gemu, FV214 lingekuwa jina la wastaafu wachache. Hata hivyo fadhila hiyo nayo ina upande wake. Mwaka 2013 fedha za Wargaming zilipeleka msafara Burma kuchimbua ndege za Spitfire zilizosemekana kuzikwa huko, na hazikupatikana. Hamu ya chuma kilichofichika huchimbua kwa bidii, lakini huchimbua chuma. Orodha za uzito wa madaraja ya Saksonia ya Chini hakuna anayezifadhili, na ndimo lilimo jibu.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote linatoka kwa watu wa jeshi wenyewe. Wanasema: Abrams na Challenger za leo zina tani zaidi ya 60, kwa hiyo uzito haukukiua kifaru kizito, maana kifaru kizito kinaishi, kimebadili jina tu. Ni kweli kwamba mizani inakaribiana. Lakini Abrams kina injini ya nguvu farasi 1,500, karibu mara mbili ya ile ya Conqueror, na kiliingia katika Ulaya ambayo kwa miongo kadhaa ilikuwa imepima madaraja yake upya, ikayawekea vibao vya uzito wa magari ya kijeshi, na kuunda magari ya kubebea na madaraja ya kukunjwa ya kiwango hicho. Halafu kilikuja kama kifaru pekee cha rejimenti. Conqueror kilikuja kama wageni tisa wanaokula chakula chao maalumu kwenye nyumba ya Centurion. Uzito ni namba ya chombo pale kiwandani tu. Barabarani ni uhusiano kati ya chombo na nchi inayokibeba, na nchi ya 1955 haikuwa imejiandaa. Hoja ya jeshi, nikiipima vizuri, inanipa nguvu: kilichobadilika kati ya Conqueror na Abrams ni yale yasiyo na safu.

Wapo pia wasemao kwamba chombo ambacho hakikupigana hakiwezi kuitwa kilichoshindwa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuzuia vita, na vita haikuja. Kwa kipimo hicho kila kitu kilichokuwepo Ujerumani Magharibi kati ya 1955 na 1966 kilifaulu, pamoja na mapipa ya taka. Afadhali tuwaulize waliokilipia. Waingereza walipokiondoa Conqueror hawakukitafutia mrithi mzito. Walitengeneza Chieftain, kifaru kimoja cha kuchukua nafasi ya vyote viwili, chenye mzinga wa milimita 120 na uzito wa tani 55 hivi. Mzinga waliukubali. Tani kumi za ziada wakazikataa.

Conqueror kimoja kimehifadhiwa Bovington, karibu na Centurion za umri wake, na mgeni anaweza kusimama mbele yake akashangaa ukubwa wa ile tureti. Vingi kati ya vile 180 havikufika makumbusho. Vilivutwa hadi viwanja vya mazoezi vya jeshi la Uingereza, vikaachwa vilimani na kwenye nyasi, na vijana wa mizinga wakavitumia kama shabaha kwa miaka mingi, hadi kutu na matundu vikafanya isiwe rahisi kutambua kilikuwa kifaru cha aina gani.